Siku 412 za "Bado Najaribu"

Agosti 2021, baada ya Isha, niliwasha laptop ili mdogo wangu asikie sauti ya Bibi. Bibi alikuwa amefariki Aprili ya mwaka huo, na mdogo wangu alikuwa Dodoma kikazi, hakuwahi mazishi. Nikafungua folda niliyoiita NGANO. Mafaili yalikuwemo yote na majina yake, ila kila moja lilikuwa limeongezewa mwishoni herufi nne ambazo sikuziweka mimi, na hakuna lililokubali kufunguka. Katikati yao kulikuwa na faili dogo la maandishi, _readme.txt. Lilisema mafaili yangu yamefungwa, ufunguo wake ni dola 980, na nikilipa ndani ya saa 72 nitapunguziwa hadi dola 490.

Dola 490 wakati ule zilikuwa shilingi milioni moja na laki moja na ushee. Mimi ni muuza dawa famasi hapa Tanga. Mdogo wangu aliniangalia, akaangalia kioo cha laptop, akauliza, "Dada, ina maana Bibi hayumo?" Sikumjibu.

Kurekodi sauti ndiyo starehe yangu. Wengine jioni wana tamthilia, mimi nina hedifoni. Nilianza 2019 kwa sababu ya Bibi huyo huyo. Alikuwa mtu wa Pangani, mtambaji wa ngano wa zamani, asiyeanza hadithi mpaka aitikiwe sawasawa. Akisema "Paukwa!" nawe ukajibu "Pakawa" kwa uvivu, anarudia "Paukwa!" kwa sauti ya juu zaidi, na atarudia mpaka mkao wenu wote ubadilike. Nilirekodi kwanza kwa simu. Baadaye binamu yangu akaniazima maiki, kisha nikanunua laptop iliyotumika kwa shilingi 380,000 na kuipeleka kwa fundi anipigie window. Nilipomwambia nataka kurekodi, akanipakilia programu ya studio, ile ambayo watengenezaji wake wanaiuza kwa mamia ya dola. Kazi yote nililipa 20,000. Aliniachia agizo moja: nikitaka kuongeza chochote kwenye programu ile, nizime antivirusi kwanza, la sivyo itaifuta kraki, yaani kile kinachovunja kufuli ya programu ili itumike bila kulipiwa.

Agizo lile lilipaswa kunishtua. Mtu akiniletea dawa famasi akaniambia nisisome lebo kabla ya kuiweka rafuni, namrudisha nayo alikotoka. Lakini kwenye kompyuta sikuwa na macho hayo. Wala sikujiona mwizi, na nataka niseme hili wazi kwa kuwa najua wengi wako pale nilipokuwa. Mtaani kwetu programu hainunuliwi, inapakiliwa, kama nyimbo zinavyoingizwa kwenye memori kadi kibandani. Nilijiambia pia kwamba waliotengeneza wako Ulaya huko, wameshiba, hawatanijua. Ile 20,000 niliyompa fundi niliihesabu kuwa ndiyo bei ya programu. Fundi alilipwa, mimi nikaridhika, na aliyekesha kuiandika programu hakuwahi hata kunijia akilini.

Kosa la Agosti nililifanya mwenyewe. Rekodi za Bibi zilikuwa na mvumo wa friji, kwa sababu tulirekodia sebuleni na friji ya mama haizimwi. Nikatafuta kifaa cha kuondoa makelele, nikakuta kinauzwa dola 99, nikaongeza neno "kraki" kwenye kutafuta, nikapata. Kilikuwa kwenye faili lililobanwa, lenye nywila iliyoandikwa pembeni. Sasa najua nywila ile huwekwa makusudi, ili antivirusi isiweze kuchungulia ndani. Nikazima antivirusi kama nilivyofundishwa, nikabofya. Hakuna kilichofunguka. Nikadhani faili ni bovu, nikaenda kupika. Diski ya nje, ile niliyoinunua kwa ajili ya akiba, ilikuwa imechomekwa muda wote huo. Nayo ikafungwa pamoja na laptop.

Kama una diski ya akiba, nenda kaichomoe sasa hivi kisha urudi usome. Akiba iliyochomekwa siku zote si akiba.

Fundi alitaka 150,000 kujaribu kufungua. Nilishukuru baadaye kwamba sikuwa nazo, kwa sababu asingeweza. Virusi vilivyofunga mafaili yangu, vinavyoitwa STOP au Djvu, vimeenea sana kupitia kraki, na kampuni ya usalama ya Emsisoft ilikwisha toa programu ya bure ya kufungulia mafaili ya wale walioshambuliwa na matoleo ya zamani, au waliofungiwa kwa ufunguo usiotoka mtandaoni. Vilevile upo mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama, unaokusanya funguo za aina hizo na kuzitoa bure. Anza huko kabla ya kumpa fundi hela. Mimi nilijaribu, nikajibiwa kwamba kwangu ulitumika ufunguo wa mtandaoni, ambao anao mshambuliaji peke yake. Ngano tisa. Zikabaki tatu tu, kwa kuwa niliwahi kumtumia shangazi yangu aliyeko Muscat kwa WhatsApp, zikiwa zimekonda sauti kwa kubanwa. Shangazi hafuti kitu kwenye simu yake. Allah ambariki kwa tabia hiyo.

Zile sita ninazo hadi leo kwenye diski, zimefungwa. Siwezi kuzifuta.

Zaidi ya mwaka mmoja sikugusa maiki. Kilichonirudisha ni mwalimu wa madrasa ya jirani, aliyetaka watoto warekodiwe qasida kwa ajili ya maulidi. Nilimwambia sina programu. Kijana mmoja wa pale akaniwekea Audacity, na hapo nikajifunza jambo ambalo kwa kweli sikulijua: kuna programu nzuri ambazo ni bure kwa ridhaa ya wenyewe. Audacity ipo tangu mwaka 2000. Haina kraki kwa sababu haina kufuli. Kama unaanza kurekodi na huna hata senti, anzia hapo na usimwonee haya mtu yeyote.

Qasida ilinishinda kwa jambo moja. Nilitaka sauti za waongozaji, za waitikiaji na za dufu kila moja kwenye njia yake, nizipandishe na kuzishusha bila kuharibu rekodi ya mwanzo, na kwa kazi hiyo Audacity niliyokuwa nayo ilinichosha. Kijana yule akaniambia nijaribu REAPER, programu nyingine ya kurekodi. Nilitazama ukubwa wake nikadhani nimekosea kusoma: megabaiti kumi na kitu. Mimi ni mtu wa bando la wiki, na ile ya wizi ilikuwa gigabaiti kadhaa. Niliipakua tarehe 10 Desemba 2022, kutoka tovuti ya wenyewe, antivirusi ikiwa imewashwa.

Nikiwa naipakua nikasoma ni ya nani. Kampuni inaitwa Cockos, watu wachache mno, na aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule aliyeandika Winamp, programu ya kuchezea muziki, mwaka 1997. Kama ulikuwa kijana wakati ule, Winamp unaikumbuka kwenye kila intaneti kafe, na vile vijinyota na mawimbi ya rangi yaliyocheza na muziki. Nilikuwa nimetumia kazi ya mtu huyu tangu nikiwa shuleni. Jina lake nilikuwa nalisoma kwa mara ya kwanza.

Utaratibu wa REAPER ni huu. Unapewa siku 60 za kujaribu, programu nzima, hakuna kilichofichwa. Siku 60 zikiisha haijifungi. Inaendelea kufanya kazi kama jana, ila kila ukiifungua kinatokea kidirisha kinachokwambia kwamba programu hii si ya bure na kwamba umekuwa ukiijaribu kwa siku kadhaa, na siku zenyewe zinatajwa. Unasubiri sekunde chache, kisha kitufe kinakubali kubonyezwa. Maneno ya kwenye kitufe, kwa Kiswahili, ni "bado najaribu". Hakuna anayekufuatilia. Wanakuachia wewe na dhamiri yako.

Bei ni dola 60 kwa mtu anayetumia kwa starehe, kwa shule na taasisi zisizo za faida, na hata kwa mfanyabiashara ambaye mapato yake ya mwaka hayazidi dola 20,000. Kwa wakubwa zaidi ya hapo ni dola 225. Programu ni ile ile. Nilibonyeza "bado najaribu" siku ya 61. Nikabonyeza siku ya 100. Nikarekodi qasida zote, nikarekodi harusi ya binamu, nikarekodi wazee wawili wa Pangani waliokubali kutamba, na kila siku nilibonyeza.

Siku moja, katika mia tatu na kitu, mwanangu wa darasa la sita alikuwa amekaa pembeni yangu akifanya hesabu. Akasoma kidirisha kwa sauti, maana Kiingereza cha shule kinamtaka asome kila kitu. Akaniuliza, "Mama, kwani unajaribu nini? Si unajua kuitumia?"

Swali lile liliniuma mahali maalumu, na lazima nieleze ni wapi. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, barabara ya pili kutoka sokoni. Nyuma ya mlango wake, kwenye msumari, lilining'inia daftari la madeni. Nimekua nikilisoma daftari lile. Kulikuwa na mteja mmoja aliyeshonewa gauni la kitenge, akasema, "Ngoja nikalijaribu nyumbani, likinikaa vizuri nakuletea hela." Tulimwona nalo kwenye harusi ya kwanza. Tukamwona nalo kwenye ya pili. Kwenye ya tatu mama alimwita pembeni, kwa upole kabisa, akamwambia, "Mwanangu, nguo umeshaivaa harusi tatu. Unajaribu nini tena?" Mama hakuwa na duka kubwa. Hela ya gauni lile ilikuwa unga na ada yangu. Nilimchukia yule mama mwenye gauni kwa miaka mingi.

Na mimi nilikuwa nimevaa kazi ya mtu harusi mia tatu.

Nikaamua kulipa. Nilidhani kazi ngumu ilikuwa kuamua. Kutoka siku niliyoamua hadi siku niliyolipa zilipita karibu wiki tano, na hapa ndipo ninapotaka mtu mwingine anufaike na hasara zangu.

Kwanza nilijaribu kadi yangu ya benki, ile ya kutolea hela kwenye mashine. Ikakataliwa. Nikajaribu mara tatu nikidhani nimekosea namba, ikafungiwa kabisa, nikalazimika kwenda tawini. Kumbe kadi nyingi za kawaida hazijafunguliwa malipo ya mtandaoni, unatakiwa uombe. Nikajaza fomu. Nikaambiwa nisubiri. Ulikuwa mwanzo wa 2024, kipindi ambacho dola ilikuwa adimu nchini na kila mtu analalamika, na nilipofuatilia nikaelezwa kwamba kiwango cha malipo ya nje kwa kadi yangu kilikuwa kimeshushwa hadi chini ya bei niliyotaka kulipa. Aliyenieleza alikuwa mtu mwema, lakini dola 60 hazikupita.

Pili, na hili ndilo linalonisikitisha, nilimpa hela mtu wa kati. Nilimpata mtandaoni, akijitangaza kwamba analipia watu programu na michezo. Aliniambia 170,000, nimtumie kwa simu, ndani ya saa moja nitapata leseni. Nikatuma. Akanitumia mstari mrefu wa herufi na namba. REAPER ikaukataa. Nikamwandikia, akasema nisubiri, kesho yake namba yake haipatikani. Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Nilikuwa nimeibiwa nikijaribu kuacha kuiba, na kwa muda nilifikiri labda hii ndiyo ishara niache tu, nibonyeze "bado najaribu" mpaka nife. Nilipomwambia mama, alisema neno moja: "Yule uliyemlipa siye aliyekushonea."

Basi mlipe aliyekushonea. Leseni ya programu ndogo kama hizi hutolewa na mwenye programu, kwa jina lako, kwa barua pepe yako. Anayekwambia atakupatia ufunguo kwa njia yake, ama anakuibia wewe ama anamwibia mwenye kazi.

Kilichonifikisha ni kadi pepe ya simu. Mitandao ya simu siku hizi inatoa kadi ya malipo isiyoshikika mkononi, ina namba zake na tarehe ya mwisho kama kadi ya benki, na unaijaza kutoka kwenye salio lako la pesa za simu. Sikulijua hilo, aliniambia wakala wa mtaani nilipokwenda kutoa hela. Nikaifungua palepale kwake, dakika kumi. Nyumbani nikaijaza shilingi sawasawa na dola 60 kwa bei niliyoiona kwenye taarifa ya habari. Ikakataa, kwa sababu bei ya dola kwenye kadi huwa juu kuliko ile inayosomwa kwenye taarifa. Nikaongeza 10,000, ikapita. Nilikatwa shilingi 156,400. Ukijaza, weka ziada ya kama asilimia kumi, kwa kuwa baadhi ya tovuti huongeza na kodi mwishoni. Ziada haipotei, inabaki kwenye kadi au unairudisha kwenye simu.

Fomu itakuuliza anwani na postikodi. Watu wengi wanakwama hapo wakiandika sifuri tano. Tanzania tuna postikodi, kila kata na yake. Za Tanga zinaanza na 21. Andika ya kweli. Jina andika kama lilivyo kwenye kadi. Na barua pepe isome mara mbili kabla hujabonyeza, kwa sababu mimi nilikosea herufi moja. Hela ilikatwa, leseni haikuja. Nilikaa nikitazama simu kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba, na kichwani namwona yule tapeli. Asubuhi niliwaandikia wenyewe, kwa Kiingereza changu cha kupimia dawa, nikaeleza kosa langu na kuambatisha ujumbe wa makato. Siku iliyofuata leseni ikaja kwenye barua pepe sahihi. Ni faili dogo sana. Nililihifadhi kwenye barua pepe, kwenye flashi, na nikamtumia shangazi Muscat, kwa kuwa sasa najua yeye ndiye ghala letu.

Siku ile kidirisha kilisoma 412. Nilipoweka leseni na kufungua upya, hakikutokea.

Nisikudanganye: programu haikubadilika hata chembe. Hakuna kitufe kipya, sauti haikuwa nzuri zaidi. Kama unalipa ili upate kitu cha ziada, kwa REAPER hutakipata, maana ulikuwa nacho chote tangu siku ya kwanza. Unapata matoleo mapya kwa muda mrefu tu: leseni niliyonunua ya toleo la 7 inanifikisha hadi mwisho wa toleo la 8. Kilichobadilika ni mimi. Nilianza kusoma maelezo ya kila toleo jipya, nikaona jinsi watu wale wachache wanavyorekebisha vitu vidogo vidogo wiki baada ya wiki, miaka na miaka, na nikaelewa hela yangu inakwenda kwenye nini. Niliwahi kuripoti hitilafu ya vitu vilivyokuwa vinapishana kwenye kioo changu kidogo. Zamani nisingethubutu. Ungeripotije ubovu wa mlango ulioingilia kwa kuuvunja?

Laptop yenyewe ilikuwa bado na ile window ya fundi, ambayo nayo haikulipiwa, na sikutaka kuishia nusu. Kwa kuwa REAPER ina toleo la Linux, nilimwomba kijana wa madrasa aniwekee Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Window. Wiki mbili za kwanza nilihangaika: printa haikutambulika, na vifaa viwili nilivyokuwa navipenda havikukubali. Maiki ilifanya kazi mara moja. Sikushauri kila mtu afanye hivi. Kama kazi yako inategemea programu za Window, itakusumbua. Mimi nilikuwa na starehe tu ya kulinda.

Halafu kukabaki swali la zile za bure. Kama nimelipa REAPER kwa sababu imeniomba, vipi hizi zisizoomba? Chukua VLC, ile yenye koni ya barabarani, ambayo nadhani ipo kwenye kila kompyuta iliyowahi kuingia kibanda cha fundi hapa nchini. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa, na leo inasimamiwa na VideoLAN, shirika lisilo la faida. Nimeangalia video kwa VLC zaidi ya miaka kumi na tano. Au Blender, ya kuchora katuni na picha za mjongeo. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilipofungwa mwaka 2002, Ton Roosendaal aliyeitengeneza aliomba watu wachange euro 100,000 ili programu ikombolewe na kuwa ya wote. Zilipatikana ndani ya wiki saba. Watu wa kawaida tu, kila mmoja na chake, na mpaka leo vijana wa Dar wanaochora katuni wanaitumia bila kulipa hata shilingi. Hiyo ni harambee kama zetu za msiba na za arusi.

Kwa hiyo sasa kila Desemba nachangia programu moja ya bure. Natoa 20,000 kwa mkupuo. Nilianza kwa kutoa elfu mbili kila mwezi, nikagundua makato ya kadi na ya upande wa pili yanakula sehemu kubwa ya hela kabla haijafika, kwa hiyo kusanya, toa mara moja. Kama huna kabisa, na najua maisha yalivyo, wapo wanaotafsiri menyu kwa Kiswahili, wapo wanaoripoti hitilafu. Hilo nalo ni tegemeo kwa wenye kazi. Ila uwezo ukiwepo, toa hela. Fundi cherehani hashoni kwa shukrani.

Watu wananiuliza kama haikuwa afadhali ile 156,400 ningelipia kitu cha nyumbani. Naelewa swali. Nilijinyima, sitasema sikujinyima. Mwezi ule tulikula maharage kuliko kawaida na mwanangu alinung'unika. Lakini nikipiga hesabu ya njia ya bure niliyoipita, naona 20,000 ya fundi, 170,000 ya tapeli, diski mpya 120,000, na ngano sita za Bibi ambazo sijui nizihesabu kwa sarafu gani. Tapeli alinipata baada ya kuamua kulipa, hilo ni kweli. Lakini alinipata kwa sababu nilikuwa bado na mazoea ya kutafuta njia ya mlango wa nyuma hata kwa kitu chenye mlango wa mbele ulio wazi.

Mwezi uliopita nilizirudia zile tatu za shangazi. REAPER ina kifaa chake cha ndani kinachoitwa ReaFIR, ambacho kinaweza kujifunza kelele na kuitoa kwenye sauti. Hakikuhitaji dola 99 wala kraki. Kimekuwemo siku zote. Unatafuta mahali penye kelele tupu, pasipo mtu anayesema, unakisikilizisha pale, kisha unakiambia basi. Mwanzoni mwa ngano ya kwanza kuna sekunde mbili za friji peke yake, Bibi akiwa anavuta pumzi. Nikazichagua hizo. Nikarudisha mwanzo, nikachomoa hedifoni ili spika zitoe.

Friji ikanyamaza. Jogoo wa jirani akabaki, nikamwacha. Kisha Bibi: "Paukwa!" Na mimi wa 2019, kwa uvivu, nikasikika nikimjibu, "Pakawa."

Bibi akarudia. Na kutoka chumba cha pili, kabla sauti yangu ya zamani haijapata nafasi, mwanangu akaitika kwa nguvu zake zote.